Njia za Kuingilia Uhandisi wa Vifaa Tiba

Uhandisi wa vifaa tiba ni kazi ya kubuni, kutengeneza, kufunga, kupima na kutunza mitambo inayotumika kumchunguza na kumtibu mgonjwa. Ndani yake mna kipimajoto cha kielektroniki na mashine ya MRI, nyonga bandia na programu inayosoma picha za mapafu, inkubeta ya mtoto njiti na mtambo wa kuzalisha oksijeni ulio nyuma ya wodi. Eneo lenye upana huo haliwezi kufunikwa lote na shahada moja. Ndiyo maana kijana anayemaliza kidato cha sita akiwa na nia ya kuingia humo ana uamuzi mgumu kuliko mwenzake anayetaka udaktari: asome shahada yenye jina hilohilo, au aanze na umeme, mitambo, kemikali au kompyuta?

Historia ya fani yenyewe inasaidia kujibu. Wilson Greatbatch, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa wabunifu wa betri ya moyo (pacemaker) ya kupandikizwa mwilini, alikuwa mhandisi umeme. Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyebuni mashine ya CT na kupata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, hakuwa hata na shahada ya chuo kikuu. Alijifunza elektroniki na rada katika jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akasoma stashahada ya uhandisi umeme mjini London. Robert Langer, mmoja wa waasisi wa mbinu za kuachilia dawa polepole mwilini, ni mhandisi kemikali tangu shahada ya kwanza hadi ya juu kabisa.

Shahada za kwanza zenye jina la fani zilienea baadaye. Nchini Marekani zilisukumwa sana na fedha za Whitaker Foundation, mfuko ulioanzishwa mwaka 1975 na kufungwa mwaka 2006 baada ya kutoa zaidi ya dola milioni 700. Afrika Mashariki ni za juzi tu. Makerere na Mbarara nchini Uganda, Kenyatta nchini Kenya, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nchini Tanzania ni miongoni mwa vyuo vinavyozitoa. Kabla ya hapo hospitali zetu zilihudumiwa na mafundi sanifu wa stashahada pamoja na wahandisi wa umeme na mitambo waliojifunza vifaa tiba wakiwa kazini.

Swali la kwanza, basi, linahusu kazi kabla ya kuhusu chuo. Kuna kazi ya hospitalini, na kuna kazi ya kubuni na kutengeneza kifaa kipya. Zote mbili huitwa kwa jina moja, lakini zinataka maandalizi tofauti.

Mhandisi wa hospitali hushughulika na vifaa vilivyokwisha kutengenezwa. Huandika sifa za mashine inayotakiwa kabla zabuni haijatangazwa, hukagua iliyoletwa, huifunga, huwafundisha wauguzi kuitumia, hupanga ratiba ya matengenezo, hutafuta vipuri, na hupima kama pampu ya dripu iliyoagizwa kutoa mililita 50 kwa saa inatoa kweli mililita 50. Asubuhi anaweza kuwa anabadili mpira wa mlango wa otoklevu, mchana anasoma mkataba wa matengenezo wa mashine ya eksirei, jioni anaitwa chumba cha upasuaji kwa sababu mashine ya usingizi inalia. Uhitaji wa kazi hii ni mkubwa. Utafiti wa Perry na Malkin uliochapishwa mwaka 2011, ukikusanya takwimu za orodha za vifaa katika nchi maskini, ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi. Sababu zilizotajwa ni upungufu wa mafunzo, usimamizi hafifu wa vifaa, na miundombinu isiyotosha. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibika kwa kununua mashine nyingine.

Kwa anayeitaka kazi hii, shahada ya uhandisi wa vifaa tiba ndiyo njia ya moja kwa moja, na stashahada ni njia fupi zaidi yenye heshima yake. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha hufundisha stashahada za aina hii, na nchini Kenya Chuo cha Mafunzo ya Tiba, KMTC, kimetoa mafundi wa vifaa tiba kwa miaka mingi. Mwenye stashahada hugusa mashine mapema, na mara nyingi huajiriwa kabla mwenzake wa shahada hajamaliza masomo. Anayemshauri kijana aidharau njia hiyo humpotosha.

Kazi ya kubuni ni jambo jingine. Huko mwajiri hutafuta mtu anayekijua kitu kimoja kwa kina: saketi, au vyuma, au plastiki, au mtiririko wa vimiminika, au programu. Hapo matawi ya zamani ya uhandisi yana nguvu, na njia nzuri ya kuyapima ni kuangalia mashine halisi na kuuliza tatizo lake gumu zaidi ni la nani.

Betri ya moyo inafaa kwa mfano huo. Katika miaka ya 1950 Greatbatch alikuwa akitengeneza chombo cha kurekodi sauti za moyo, akachomeka kipingamizi cha thamani isiyo sahihi. Saketi ikaanza kutoa mshtuo mfupi wa umeme, ikatulia, ikatoa tena, na akatambua kwamba mwendo ule ulikuwa wa mapigo ya moyo. Hadi hapo ni uhandisi umeme mtupu, na kwa miaka hiyo transista ndogo zilifanya saketi ya aina hiyo iwezekane kuwekwa mwilini. Oktoba 1958 madaktari wa Sweden walimpandikizia Arne Larsson betri ya moyo iliyotengenezwa na Rune Elmqvist. Ya kwanza haikudumu hata siku moja. Larsson mwenyewe, baada ya kubadilishiwa mara nyingi, aliishi hadi mwaka 2001. Vifaa vya Greatbatch vilianza kupandikizwa kwa wagonjwa mwaka 1960, na hapo matatizo mapya yakajitokeza ambayo hayakuwa ya saketi. Majimaji ya mwili ni ya chumvi na ya vuguvugu, yakapenya kwenye gamba la plastiki. Nyaya zikakatika kwa kupindwa na moyo unaopiga takribani mara 100,000 kwa siku. Betri za zebaki zikaisha ndani ya miaka michache, mgonjwa akapasuliwa upya. Suluhisho la gamba lilikuwa titani iliyochomelewa hadi isipitishe hewa, na hiyo ni kazi ya mitambo na metali. Suluhisho la betri lilikuwa kemia ya lithiamu na iodini, ambayo Greatbatch mwenyewe aliifuatilia hadi ikaanza kutumika miaka ya 1970. Leo kifaa hicho kina programu ndani yake, na daktari wa moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam hukirekebisha bila kumpasua mgonjwa. Kifaa kimoja kidogo kinachokaa chini ya ngozi ya kifua kimekusanya umeme, mitambo, kemikali na kompyuta, na kila tawi lilihitajika kwa wakati wake.

Uhandisi umeme na elektroniki ndilo tawi lenye mlango mpana kuliko yote. Karibu kila kifaa cha kuchunguzia hupima ishara dhaifu na kuichuja. Ishara ya moyo inayonaswa juu ya ngozi kwa kipimo cha ECG ina ukubwa wa takribani milivolti 1, wakati ukuta wa chumba una nyaya za volti 230 zenye umeme unaotetema mara 50 kwa sekunde. Kuinasa ile ndogo bila kumezwa na hii kubwa, tena bila kuuruhusu umeme wowote wa hatari umfikie mgonjwa, ni somo zima la vikuza ishara, vichujio na utengaji wa umeme. Anayelielewa anaweza kuhamia kwenye kipimo cha ubongo, ultrasaundi au MRI, kwa kuwa msingi ni uleule. Hata hospitalini, mashine nyingi huharibika kwanza kwenye sehemu ya kuingizia umeme, kwa sababu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Kwa kijana wa Tanzania au Kenya anayeipenda fani lakini hajajua atatua wapi, uhandisi umeme na elektroniki ndio chaguo lenye hatari ndogo. Akikosa kazi ya vifaa tiba atapata ya mawasiliano, nishati au viwanda, na mlango wa kurudi hautafungwa.

Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaonyesha jambo ambalo mwanafunzi wa umeme asipofundishwa na tabibu hatalijua. Kifaa hicho hutuma mwanga mwekundu na mwanga usioonekana wa infraredi kupitia kidole, kisha hulinganisha kiasi cha kila mmoja kilichofyonzwa na damu. Kanuni yake iligunduliwa na Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Mwaka 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Marekani ulioonyesha kwamba upungufu mkubwa wa oksijeni ulikosa kutambuliwa na vifaa hivyo kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya ilivyokuwa kwa weupe. Kosa la namna hiyo huonekana pale tu mtengenezaji anapopima kifaa chake kwa watu wa kila rangi. Wahandisi wanaofanya kazi Mwanza, Kisumu au Bujumbura wana sababu zote za kulishikilia suala hili, kwa kuwa wagonjwa wao ndio wanaosomewa namba zisizo sahihi.

Uhandisi mitambo humfaa anayependa kitu kinachobeba mzigo, kinachosogea au kinachosukuma hewa na maji. Mtu anapotembea, kiungo cha nyonga hubeba nguvu ya karibu mara tatu ya uzito wake, kwa hatua zinazokaribia milioni moja kwa mwaka kwa kila mguu. Nyonga bandia lazima ivumilie hayo bila kusagika. John Charnley, daktari wa upasuaji wa mifupa Uingereza, alianza na plastiki ya Teflon, ikasagika ndani ya miili ya mamia ya wagonjwa na kuleta uvimbe. Fundi wa maabara yake, Harry Craven, ndiye aliyeijaribu plastiki nyingine, aina ya polithini ngumu, kwenye mashine ya kupima msuguano wakati Charnley akiwa hana imani nayo. Ilidumu vizuri kiasi kwamba mwaka 1962 ikaanza kuwekwa kwa wagonjwa, na kizazi chake kinatumika hadi leo. Kuna mtego mwingine unaofundishwa katika tawi hili. Chuma kigumu kupita kiasi huubebea mfupa kazi yote, na mfupa usiobeba mzigo hulegea na kupungua. Ndiyo sababu titani, ambayo ugumu wake ni karibu nusu ya chuma cha pua, hupendwa kwa shina la nyonga. Miguu na mikono bandia ni jirani wa karibu, ingawa ina mafunzo yake, na kituo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC mjini Moshi kimewafundisha wataalamu wake kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1981.

Uhandisi kemikali hutajwa mara chache na washauri wa shule, na hilo ni kosa. Chukua mashine ya kusafisha damu. Ya kwanza iliyofaa ilijengwa na daktari Mholanzi, Willem Kolff, mjini Kampen mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani na vifaa vikiwa haba. Alizungushia ngoma ya mbao mrija wa selofani, uleule uliotumiwa kufungia soseji, akapitisha damu ndani yake huku ngoma ikizunguka kwenye maji ya chumvi. Mgonjwa wa kwanza kuokoka, mwanamke wa miaka 67, alipatikana mwaka 1945. Kanuni haijabadilika: taka ndogo kama urea hupenya utando na kuingia kwenye maji, seli na protini kubwa hubaki. Kilichobadilika ni utando, umbo la mirija na usafi wa maji, na yote matatu ni maswali ya mhandisi kemikali. Katika matibabu ya saa 4, maji yaliyochanganywa na chumvi hupita kwa kasi ya kama mililita 500 kwa dakika. Hiyo ni lita 120 kwa siku moja ya matibabu na lita 360 kwa wiki kwa mgonjwa anayesafishwa mara tatu, na kinachoyatenganisha na damu yake ni utando mwembamba tu. Klorini ambayo mtu mwenye figo nzima huinywa bila madhara huvunja chembe nyekundu za damu za mgonjwa huyu. Katika miaka ya 1970 ilibainika kwamba alumini iliyokuwamo kwenye maji ya baadhi ya vituo iliharibu ubongo na mifupa ya wagonjwa. Kwa hiyo nyuma ya kila chumba cha kusafishia damu kuna mtambo wa maji ambao wagonjwa hawauoni, wenye vichujio, mkaa na utando wa kusukumia maji kwa shinikizo, na anayeutunza ameshika uhai wa chumba kizima.

Oksijeni nayo ni kemia. Mashine ya kuizalisha kando ya kitanda hufyonza hewa ya kawaida, yenye nitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21, na kuipitisha kwa shinikizo kwenye punje za zeolaiti zinazoinasa nitrojeni. Vumbi na unyevunyevu huziharibu punje hizo. Wakati wa janga la korona kila hospitali ilijifunza thamani ya mtu anayeelewa mtambo huo.

Uhandisi wa kompyuta na programu ndio unaovutia vijana wengi sasa, na kazi ipo: picha za eksirei, kumbukumbu za wagonjwa, vifaa vinavyozungumza na simu. Anayeuchagua kwa ajili ya tiba aisome habari ya Therac-25. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine hiyo ya mionzi iliwapiga wagonjwa sita wa Marekani na Canada dozi kubwa mno, na baadhi yao walikufa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vifaa vilivyozuia mionzi kutoka katika hali isiyo salama. Katika hii kazi hiyo iliachiwa programu peke yake, na programu ilikuwa na kasoro iliyojitokeza pale mtumiaji aliporekebisha maelekezo kwa haraka. Programu ya tiba huandikwa kwa nidhamu nyingine kabisa, yenye majaribio na kumbukumbu za kila badiliko, na mamlaka za udhibiti wa dawa na vifaa tiba, kama TMDA ya Tanzania, hutaka ushahidi wa usalama kabla kifaa hakijaingia sokoni.

Inabaki shahada yenyewe ya uhandisi wa vifaa tiba. Faida yake kubwa ni lugha mbili: mhitimu anaweza kuzungumza na daktari kuhusu shinikizo la damu na fundi kuhusu kihisio bila mkalimani, na amezoea wodi tangu akiwa mwanafunzi. Udhaifu wake ni kugusa kila kitu kwa muda mfupi. Muhula mmoja wa saketi, mmoja wa metali na mmoja wa vimiminika haumfanyi mtu mbunifu wa chochote kati ya hivyo. Programu nzuri huliepuka hilo kwa kumlazimisha mwanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne kuzama katika upande mmoja. Kwa hiyo anayeomba nafasi asome orodha ya kozi, ahesabu ni ngapi za umeme au mitambo zinazofuatana kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu, aulize maabara ina vifaa gani vinavyofanya kazi, na mafunzo kwa vitendo hufanyika hospitali ipi. Vilevile ahakikishe kwamba programu inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi nchini Tanzania, au na Bodi ya Wahandisi wa Kenya nchini Kenya. Bila hilo mhitimu anaweza kujikuta na shahada halali ambayo haimruhusu kujiita mhandisi kisheria. Nchini Tanzania, usajili wa mhandisi mtaalamu hutanguliwa na kipindi cha kazi chini ya usimamizi, na bodi ina mpango maalumu wa miaka mitatu kwa wahitimu wapya.

Uamuzi mwingine hufanyika mapema zaidi, kidato cha tano, na wengi hawaujui uzito wake. Mwenye tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) ana hisabati ya juu na hana biolojia. Mwenye PCB (fizikia, kemia na biolojia) ni kinyume chake. Vyuo hutofautiana katika vinachokubali na masharti hubadilika, hivyo mwongozo wa udahili wa mwaka husika ndio wa kufuatwa. Kwa anayelenga uhandisi, PCM ni salama zaidi. Fiziolojia inaweza kusomwa na mtu mzima kwa bidii na kueleweka, lakini hesabu za mabadiliko na za ishara zikikosa msingi shuleni huwa mlima chuoni. Mwenye PCB anayeipenda fani hii ajiandae kwa mwaka wa kwanza mgumu wa hisabati, asikate tamaa kabla hajajaribu.

Aliyekwisha kuanza tawi jingine hana haja ya kurudi nyuma. Mwanafunzi wa umeme wa mwaka wa tatu anaweza kuomba mafunzo kwa vitendo katika karakana ya hospitali ya rufaa badala ya kampuni ya simu, na kuuchukua mradi wa mwaka wa mwisho kutoka kwenye tatizo alilolikuta huko: kilinda volti cha inkubeta, king'ora cha mtungi wa oksijeni unaokaribia kuisha, kifaa rahisi cha kupimia pampu za dripu. Mradi wa namna hiyo, ukiwa na muuguzi au daktari aliyeushauri, humwonyesha mwajiri kwamba mhitimu anajua wodi inavyofanya kazi. Baadaye ipo shahada ya uzamili. Kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha uhandisi wa vifaa tiba na afya mtandao, kilichopo Chuo Kikuu cha Rwanda, kilianzishwa ili kuzalisha wataalamu wa ngazi hiyo kwa kanda nzima, na vyuo vingi vya nje hupokea wahitimu wa umeme, mitambo na kemikali katika uzamili wa fani hii, vikiwapa kwanza kozi za anatomia na fiziolojia walizozikosa.